Vipimo vya chakula kwenye Biolojia ya vitendo: rangi umeiona, alama imekwenda wapi?

Mtahiniwa wa Kidato cha Nne anatia iodini kwenye sampuli, rangi inageuka buluu iliyokolea hadi weusi, anatabasamu, kisha kwenye jadweli anaandika neno moja: wanga. Kajua alichokiona, lakini msahihishaji anapata pahala pamoja tu pa kuweka vema. Nafundisha Biolojia, na kwa maoni yangu alama nyingi zinazopotea kwenye prakitiko ni za maandishi, si za maabara. Bahati nzuri maandishi yanafanyiwa mazoezi nyumbani, hata kama skuli yako dawa ni za kuhesabu kwa matone.

Karatasi ya vitendo inayotoka Baraza la Mitihani ni moja kwa sisi wa Unguja na Pemba na wenzetu wa bara. Imezoeleka kuwa na maswali 2 ya alama 25 kila moja, kwa saa 2 na dakika 30. Vipimo vya chakula huulizwa mara kwa mara, kwa hiyo navianzia hapo.

Jadweli lina safu 4: kipimo, utaratibu, kilichoonekana, hitimisho. Safu ya kwanza ni kile unachokitafuta, yaani kipimo cha wanga au cha protini, sio jina la dawa. Safu ya pili ndiyo inayoliwa alama sana. Inataka kiasi, jina la sampuli kama lilivyoandikwa kwenye karatasi (kama ni K, andika K), dawa iliyotiwa, na kama imepashwa moto au haikupashwa. Iandike kwa wakati uliopita, bila "nilifanya" wala "tia": "Mililita 2 za sampuli K zilitiwa kwenye testi tyubu, yakaongezwa matone 3 ya iodini, mchanganyiko ukatikiswa." Kwa kuwa mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, sentensi 5 za namna hii, moja kwa kila kipimo, ziandikwe mapema kwenye daftari, zisahihishwe na mwalimu, kisha zihifadhiwe kama sura. Kutunga sentensi upya huku bika (chombo cha kioo cha kuchemshia maji) linachemka mbele yako ni kujitesa.

Safu ya tatu ni ya macho tu. Andika rangi ilikotoka na ilikofika. Kama hakukutokea kitu, usiandike "hakuna" ukaishia hapo, andika kwamba rangi ya kahawia ya iodini ilibaki vile vile. Safu ya nne ndipo unaposema wanga upo au haupo. Wako wanaoandika hapo "sampuli ni muhogo". Hukuulizwa hivyo.

Sasa kwenye meza yenyewe. Ukishasoma swali, jambo la kwanza ni kuweka maji motoni: bika la mililita 250, maji nusu. Yatachukua muda kuchemka, na wakati huo unafanya vipimo 3 visivyotaka moto, yaani wanga, protini na mafuta. Gawa sampuli kwanza, mililita 2 kwa kila testi tyubu, testi tyubu 5, na sampuli inayobaki ikae kwenye chombo chake. Anayemimina kwa kukisia hufika kipimo cha nne hana kitu.

Kwa wanga, tia matone 2 au 3 ya iodini kwenye mililita 2, baridi. Usipashe moto. Wanga na iodini vikishapata joto rangi ile ya buluu hupotea, na hurudi vikipoa, kwa hiyo ukitia iodini kwenye sampuli iliyotoka motoni sasa hivi utaandika kuwa wanga haupo na wewe umeshikilia maji ya muhogo. Kosa jingine ni kutumia testi tyubu iliyotoka kwenye kipimo cha protini bila kuiosha vizuri. Sodiamu haidroksaidi iliyobaki ndani huiondolea iodini rangi.

Protini: mililita 2 za sampuli, mililita 1 ya sodiamu haidroksaidi, tikisa, halafu kopa salfeti ya asilimia 1 tone kwa tone huku unatikisa. Zambarau ikitokea, simama hapo hapo. Ukiendelea kumimina kopa salfeti, ubuluu wake unaifunika zambarau na mtu mwenye yai mbele yake anaandika "buluu". Kipimo hiki nacho hakitaki moto.

Mafuta kwa Sudan III, dawa nyekundu inayotia rangi mafuta: matone machache, tikisa, kisha iache itulie dakika moja au mbili kwenye kishikio. Unalotafuta ni tabaka jekundu linaloelea juu. Wengi hutazama huku bado wanatikisa, wakaona wekundu umeenea wote. Kama umepewa spiriti badala ya Sudan III, tikisa sampuli na spiriti kisha mimina maji, na weupe kama wa maziwa ndio dalili. Kipimo hicho cha spiriti hakifai kwa tui la nazi wala maziwa, kwani weupe upo tangu mwanzo.

Tufike kwenye sukari, ambako ndiko kwenye mashaka. Kipimo cha kwanza, cha sukari rejeshi kama glukosi, yaani ile inayobadili rangi ya Benedikti bila kuvunjwa kwanza, ni chepesi: mililita 2 za sampuli na mililita 2 za Benedikti, dawa ya buluu, testi tyubu ndani ya maji yanayochemka kwa dakika 3 hadi 5. Rangi hupanda kutoka buluu kwenda kijani, njano, chungwa, mpaka mashapo mekundu ya tofali. Kijani si "hakuna", kijani ni sukari kidogo. Usiishike testi tyubu juu ya ndimi za moto moja kwa moja, itakurukia.

Sukari isiyorejeshi, yaani sukari ya kawaida ya dukani, ndiyo yenye hatua. Benedikti haioni mpaka ivunjwe. Mililita 2 za sampuli, mililita 1 ya asidi hafifu ya haidrokloriki, chemsha, na hapo asidi inaivunja kuwa glukosi na fruktosi. Poza. Kisha tia sodiamu haidroksaidi au magadi ya sodiamu baikaboneti ili kuiua asidi, na ukitumia hayo magadi endelea mpaka povu likome. Ndipo utie Benedikti na uchemshe tena. Mwanafunzi anayeruka hatua ya kuiua asidi hapati rangi, kwa sababu Benedikti hufanya kazi penye alkali (kinyume cha asidi) tu. Anayesahau kupoza humwagiwa na povu mkononi. Na anayefanya kipimo hiki bila kufanya kwanza kile cha sukari rejeshi hana hitimisho lolote, maana rangi aliyoipata huenda ilikuwepo kabla ya asidi. Zingatia: maji ya muwa yaliyokamuliwa tangu asubuhi hutoa kijani hata bila asidi, kwa sababu sehemu ya sukari yake imeshavunjika. Kwa mazoezi tumia sukari ya dukani, kijiko cha chai kwenye glasi ya maji.

Nyumbani utafanya nini bila Benedikti? Iodini ya dawa inapatikana dukani. Ipunguze kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea, na nunua sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano ya kupimia. Kata kipande cha ndizi mbichi na kipande cha ndizi iliyoiva sana, dondoshea iodini. Ya kwanza inakuwa nyeusi, ya pili hugeuka kidogo au haigeuki, kwani wanga wake umekwishageuka sukari. Ndizi iliyo kati kwa kati hutoka na madoa, na hiyo ndiyo ya kuandikia jadweli, inakulazimisha ueleze ulichokiona na si ulichotarajia. Kwa mafuta, kuna doa la karatasi: sugua chicha za nazi kwenye karatasi nyeupe, acha ikauke maji, iinue kwenye mwanga. Doa linalopitisha mwanga na lisilokauka ni mafuta. Usionje kitu kilichotiwa iodini, na ndugu zako wadogo wawe mbali na mazoezi hayo.

Jaribio jingine la bei rahisi ni la mate. Chemsha mchele kidogo, chuja maji yake kwa kitambaa cha melimeli, yapunguze kwa maji mpaka yawe mepesi, yaache yapoe hadi uvuguvugu. Kwenye mililita 5 tia mililita 1 ya mate. Kila dakika chukua tone uliweke juu ya sahani nyeupe na ulitie iodini. Weusi hupungua tone hadi tone mpaka inabaki kahawia. Fanya pia na mate yaliyochemshwa, weusi haupungui, kwani kimeng'enya, yaani kile kilichomo kwenye mate kinachovunja wanga, kimeshaharibika. Ikiwa hata mate mabichi hayaleti mabadiliko baada ya dakika 15, maji ya wali ni mazito mno. Yaongezee maji.

Swali la pili huwa mara nyingi ni uainishaji, yaani kupanga viumbe kwenye makundi yao, na hapo makosa ya watoto wa pwani ni ya peke yake. Mwani wanaouona Paje na Jambiani wanauita mmea, wakauweka kwenye falme ya mimea. Hauna mizizi, shina wala majani ya kweli, na silabasi inauweka kwenye falme nyingine, Protoktista. Kaa anatambuliwa kwa jozi 2 za papasi (vipembe vya kichwani vya kupapasia) na jozi 5 za miguu pamoja na magando. Mende (Periplaneta americana) jozi 3 za miguu na jozi 1 ya papasi. Buibui jozi 4 bila papasi. Jongoo na tandu hutatanisha: jongoo ana jozi 2 za miguu kwa pingili nyingi za mwili wake, tandu jozi 1 kwa kila pingili. Mnazi una mishipa ya jani iliyo sambamba na mizizi mingi midogo, mkarafuu una mishipa ya wavu na mzizi mkuu. Jina la kisayansi kwa mkono lipigiwe mstari, kila neno lake, herufi kubwa ya jenasi tu.

Mchoro upigwe kwa penseli ya HB iliyochongwa, mistari isiyokatika, bila kutia kivuli, ukubwa wa nusu ukurasa au zaidi. Mistari ya majina ipigwe kwa rula, isikatane, isiwe na vichwa vya mshale. Ukuzaji ni urefu wa mchoro gawa kwa urefu wa kitu halisi, vyote kwa milimita: mchoro wa milimita 96 wa mbegu ya milimita 24 ni mara 4. Ukichanganya sentimita na milimita utapata jibu lililozidi au kupungua mara 10, na hilo msahihishaji haliachi.

Kwa wiki za mwisho kabla ya mtihani wa Novemba, nashauri siku moja ya prakitiko kila wiki kwa saa 2 na dakika 30 kamili, karatasi ya mwaka uliopita, na saa mezani. Kama skuli haina sampuli, mwenzako akuandikie rangi zilizoonekana, wewe ujaze jadweli zima. Dakika 10 za mwisho ziwe za kukagua: je, jina la sampuli liko kila mstari, je, kiasi kimeandikwa, je, umetaja moto pale ulipotumika? Kichwa cha mchoro nacho kiangalie, hicho husahauliwa kuliko vyote.