Si kila kura ya mbunge ina jina
Kwenye matatu ya Kawangware nimeisikia tena: "Fungua Hansadi (kumbukumbu rasmi za bunge), utaona mbunge wako alivyopigia kura kila mswada." Si kweli, na inaniuma kwa sababu watu huwahukumu wabunge kwa rekodi isiyokuwepo. Kura nyingi bungeni ni za sauti. Spika anauliza, wanaokubali wanasema "Ndiyo", wanaopinga "La", naye anatangaza upande ulioshinda. Hakuna jina linaloandikwa. Majina hunakiliwa kura ya mgawanyiko, ambapo kila mbunge huhesabiwa mmoja mmoja, inapoitishwa, kama Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipopita kwa kura 195 dhidi ya 106. Mwenye mswada, yaani aliyeuleta bungeni, huyo hajifichi: soma maelezo ya madhumuni mwishoni mwa mswada, chini yake pana jina lake.