Skana kwenye Linux: anzia chini, si kwenye dirisha

"Programu hii haioni skana yangu, ngoja nijaribu nyingine." Hakuna dhana inayowapotezea watu muda kama hii. Mtu anasakinisha Simple Scan, haoni kitu. Anahamia XSane, kisha Skanlite, kisha gscan2pdf, na jibu ni lilelile.

Ukweli ni kwamba zote nne hupitia mlango mmoja, yaani SANE, mfumo wa Linux unaounganisha programu na skana. Programu unayoifungua ni dirisha tu. Anayezungumza na mashine ni draiva iliyo chini yake. Draiva ikikosekana, hata ubadilishe madirisha kumi utaambulia patupu. Kwa hiyo fungua terminali uandike:

scanimage -L

Ukiona mstari kama huu, draiva ipo:

device `genesys:libusb:001:004' is a Canon LiDE 110 flatbed scanner

Neno la kwanza ndani ya alama, genesys, ndilo jina la draiva. Hapo chagua programu yoyote unayoipenda. Kama skana haionekani, rudia amri ileile ukitanguliza sudo, neno linaloendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi. Ikijitokeza sasa, mashine ni nzima na draiva ipo. Akaunti yako ndiyo haina ruhusa. Watu wameshatupa skana nzuri kwa kukosa hatua hii moja, na inaniuma.

Ipo programu moja ya kulipia, VueScan, ambayo huja na draiva zake yenyewe. Hiyo inaweza kufaulu pale SANE iliposhindwa, ila si programu huria.

Dhana nyingine: mtengenezaji asipotoa draiva ya Linux, basi tena. Zamani ilikuwa karibu na kweli. Siku hizi mashine nyingi za mtandao hutumia itifaki ya eSCL au WSD, na draiva ya SANE iitwayo sane-airscan huzielewa zote mbili bila draiva ya kampuni. Nyingine zilizounganishwa kwa waya wa USB husaidiwa na programu iitwayo ipp-usb. Kwa skana za zamani, tazama orodha ya mradi wa SANE kabla ya kununua, na usome namba ya modeli hadi herufi ya mwisho: mbili zinazofanana jina zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa.

Wengine huamini dpi (idadi ya nukta kwa inchi) kubwa ndiyo bora. Kwa maandishi, 300 inatosha. Ukurasa wa A4 wenye rangi hapo ni takriban megabaiti 26 kabla ya kubanwa; ukipanda hadi 600 unakuwa mara nne, na herufi hazisomeki vizuri zaidi kwa kiasi cha kulipia uzito huo.

Na wapo wanaodhani kompyuta haiwezi kusoma Kiswahili kilichoskaniwa. Inaweza. Tesseract, programu inayosoma maandishi kwenye picha, ina data ya lugha yetu. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi kinaitwa tesseract-ocr-swa. Kisakinishe pamoja na OCRmyPDF, inayoweka maandishi hayo ndani ya PDF uliyoskani, kisha:

ocrmypdf -l swa barua.pdf barua-mpya.pdf

Fungua faili jipya, bonyeza Ctrl+F, utafute neno lolote lililomo kwenye barua.