Kukatwa ushuru si kujaza marejesho

"Lakini mie hukatwa kila mwezi, dada. Sasa wanidai nini tena?"

Swali hili huanza kunifikia katikati ya Mei, na wiki ya mwisho ya Juni hulisikia mpaka kwenye foleni ya mahamri. Mimi ni wakala wa ushuru hapa Mombasa. Wanaoniuliza ni walimu, wauguzi, makarani wa bandarini, watu ambao ushuru wao hufika KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kabla wao hawajauona mshahara.

Anayekukata ni mwajiri, na hiyo ndiyo PAYE. Marejesho ni maelezo yako wewe mwenyewe kuhusu mapato ya mwaka mzima, Januari hadi Desemba, na mwisho wa kuyatuma kwenye iTax, tovuti ya KRA, ni Juni 30 ya mwaka unaofuata. Hata kama hudaiwi ndururu. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, itakayokuwa kubwa kati ya hizo. Na neno lenyewe, marejesho, lina lawama zake: mzee mmoja alinijazisha fomu kwa furaha tele kisha akauliza atarejeshewa pesa zake lini.

Kosa ninalolisafisha zaidi ni la sufuri. Mtu ana kazi, anaingia saiba Juni 30 jioni, na kijana wa pale, ili amalize foleni, anamjazia marejesho ya sufuri kwa dakika mbili. Sasa mwajiri ameripoti kwamba alikulipa, nawe umeripoti kwamba hukupata kitu. Marejesho ya sufuri ni ya asiye na mapato kabisa, kama mwanafunzi aliyechukua PIN, namba ya mlipa ushuru, kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB. Kama tayari umeyatuma kimakosa, sheria inakupa miaka 5 ya kuyarekebisha, ila usiingoje.

Fomu ya iTax siku hizi hujijaza yenyewe kutokana na taarifa alizopeleka mwajiri. Mimi sibonyezi kutuma kabla sijailinganisha na P9, ile karatasi ya mwajiri yenye mshahara na makato yako ya mwaka, mstari kwa mstari. Zikitofautiana, rudi kwa mwajiri kwanza, maana taarifa ni zake na wa kuzirekebisha ni yeye.

Kazi yenyewe huja pale mtu anapotoa P9 mbili mkobani. Chukua muuguzi anayelipwa 60,000 hospitalini na 40,000 chuoni anakofundisha, zote zikiwa ndizo zinazotozwa ushuru. Kila mwajiri anaanza ngazi kutoka chini: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, zilizobaki kwa asilimia 30. Kisha kila mmoja anampunguzia nafuu, yaani punguzo la ushuru la 2,400 kwa mwezi. Sheria inampa ngazi hiyo mara moja tu, na nafuu mara moja tu. Ukiunganisha mishahara, pengo ni kama 7,616 kwa mwezi, yaani takriban 91,400 kwa mwaka. Hakuiba, hakuficha, na bado anadaiwa. Tena ushuru uliobaki ulitakiwa kulipwa kufikia Aprili 30, si Juni 30, kwa hiyo riba ya asilimia 1 kwa mwezi imeshaanza kuhesabika. Njia ya kupunguza deni ni kumwambia mwajiri wa pili mapema kwamba una kazi nyingine, asikupe nafuu mara ya pili.

Aliyepoteza kazi katikati ya mwaka hali yake ni kinyume. Kila mwezi hukatwa kana kwamba mshahara ule utaendelea miezi 12. Aliyelipwa 60,000 Januari hadi Juni kisha akakaa nyumbani alikatwa kama 62,300. Mapato yake ya mwaka ni 360,000 tu, na ushuru wake halisi, baada ya nafuu ya mwaka ya 28,800, ni 18,000. Anastahili kurudishiwa zaidi ya 44,000, na wengi wa aina hii ndio hawajazi kabisa kwa kuwa "sina kazi, nijaze nini?" Yule mzee wangu angefurahi hapa. Pesa hazirudi zenyewe lakini. Lazima uziombe kwenye iTax, nawe uwe na subira.

Mwenye vyumba vya kupangisha, kodi ya nyumba ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, mwezi kwa mwezi, na hapo imekwisha. Haichanganywi na mshahara. Asilimia 5 ambayo anayekulipa huizuia kwenye malipo ya kazi ya ushauri si hivyo: ni malipo ya awali tu, na pesa zote lazima ziingie kwenye marejesho.

Kabla ya hayo yote, hakikisha unaweza kuingia. Nywila ya iTax hutumwa kwenye barua pepe, na barua pepe za wateja wangu wengi zilifunguliwa na vijana wa saiba walipokuwa wakiwatolea PIN. Mwaka jana nilivuka feri mara mbili kumtafuta kijana mmoja Likoni, ambaye saiba yake sasa ni duka la chipsi. Bahati nzuri ndiye anayekaanga.