Mbwa ale ashibe, na mfuko usitoboke: maswali ya majirani wa Bukavu

Hapa Ibanda, upande mmoja wa mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mbwa wengi wanafugwa walinde parsele (uwanja wa nyumba) usiku, na sahani yao ni kile kilichobaki kwenye sufuria ya watu. Tangu majirani wajue kwamba mbwa wangu hajawahi kuonja kroketi, zile punje kavu za kiwandani, maswali hayaishi.

Mama, mbwa anaweza kuishi kwa bugali (ugali)?

Bugali peke yake, hapana. Bugali na kitu, ndiyo. Tumbo la mbwa linasaga wanga uliopikwa vizuri kuliko la mbwamwitu, maana amekula na watu maelfu ya miaka. Anachokosa ni protini, mafuta na kalsiamu ya mifupa, na vyote hivyo sisi tunavyo karibu. Chukua sambaza kavu. Samaki huyu mdogo aliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 (ndugu zetu wa Uvira wanamwita ndagala), na analiwa mzima, kichwa na miiba, kwa hiyo protini na kalsiamu vinaingia pamoja. Sokoni uliza zile zilizovunjikavunjika chini ya gunia. Mbwa hajali sura ya samaki. Kama zimekolezwa chumvi, ziloweke kwanza na umwage maji.

Nimpe kiasi gani?

Kwa mbwa mzima wa kilo 15 hivi, kwa siku: gramu 150 za unga mkavu wa mahindi, gramu 60 za sambaza kavu na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mawese, vigawanywe asubuhi na jioni. Ukitumia unga wa muhogo, zidisha sambaza, kwa kuwa muhogo karibu hauna protini. Pima mara moja tu kwa mizani ya dukani, kisha weka alama kwenye kikombe. Halafu kila wiki mpapase mbavu. Zikihesabika kwa vidole bila kubonyeza sana, uko sawa. Zikionekana kwa mbali, ongeza. Ukizitafuta usizipate, unatupa pesa. Mtoto wa mbwa na jike anayenyonyesha hawahesabiwi hivi, wanahitaji zaidi.

Na makala (mkaa)? Hayo ndiyo yananimaliza.

Kweli kabisa, makala yanaweza kupita bei ya chakula chenyewe. Mimi simwashii mbwa moto wake. Bugali ya watu ikitoka, sufuria yake inapanda kwenye mbabula (jiko la makala) ileile, sambaza zikiwa tayari zimelowa.

Unga ukiingia ukungu, si tumpe mbwa kuliko kuutupa?

Hapo sicheki. Mbwa wangu wa kwanza nilimuua kwa mkono wangu mwenyewe. Mvua ilikuwa imeingia kwenye gunia la unga wa mahindi, ukashikana mabonge ya kijani. Watoto nikawakataza, mbwa nikampikia, nikajiona nina akili. Baada ya wiki kama mbili akaacha kula, akatapika, na nilipomfunua mdomo fizi zilikuwa njano kama zimepakwa bizari. Veterineri, daktari wa wanyama, aliniuliza swali moja tu: amekula nini? Nilipomjibu, akaniambia ini limekwisha.

Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Moto wa jikoni hauiui, chekecheo haliitoi, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowaumiza upesi. Usiwape hata kuku. Gunia liweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na unga ukinuka uvundo, zika.

Mabaki ya mezani je?

Maharage na wali, sawa. Mchuzi wenye vitunguu, hapana: kitunguu, kibichi au kilichopikwa, kinavunja chembe nyekundu za damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vioo ndani ya matumbo. Na baada ya sherehe okoteni vijiti vya mishikaki, maana mbwa anameza kijiti pamoja na harufu yake.

Kwenye bucha wananipa pafu karibu bure. Nichukue?

Chukua, lakini usimpe bichi. Pafu na maini yanaweza kuwa na malengelenge ya maji, ambayo ndani yake mna tegu wachanga. Wakikua ndani ya mbwa, kinyesi chake kinatoa mayai, na mtoto anayecheza uani akiyameza, uvimbe unaota kwenye ini au pafu lake. Chemsha nusu saa nzima, maji yakitokota.

Nikiruka chanjo ya kichaa cha mbwa mwaka huu, si nimeokoa pesa?

Hapana. Mbwa mwenye njaa anatoka parsele, anachimba takataka na kupigana na mbwa asiowajua. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na karibu wagonjwa wote wanakipata kwa meno ya mbwa. Kwa hiyo chanjo ilipwe kwanza, sambaza baadaye. Na aliyeumwa na mbwa, hata mkwaruzo mdogo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo.