Utii kwa Mungu: tunayoambiwa na yaliyo kweli

Utii ni somo linalopendwa sana mimbarani hapa Uganda, kuanzia makanisa makubwa ya Kampala hadi mikesha ya vijijini. Tatizo ni kwamba mengi yanayosemwa juu yake hayatoki kwenye Biblia.

Dhana: Mtii Mungu ili akupende.

Ukweli: Fungua Kutoka 20. Kabla ya amri hata moja, Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba yeye ndiye aliyewatoa katika nyumba ya utumwa. Wokovu ulitangulia, amri zikafuata. Yohana naye aliandika: “Sisi twapenda kwa maana Yeye alitupenda sisi kwanza.” Basi anayeshika amri ili apendwe anatafuta kitu alichokwisha kupewa.

Dhana: Kumtii mtumishi wa Mungu ndiko kumtii Mungu mwenyewe.

Ukweli: Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote, na Uganda tunapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la kundi lililodai kurejesha Amri Kumi za Mungu. Wafuasi walikuwa wameuza mali zao wakawakabidhi viongozi. Walizuiwa hata kuzungumza ovyo, eti wasije wakashuhudia uongo. Kwa utii, nani angewashinda? Lakini ulikuwa utii wa hofu, na aliyetiiwa alikuwa mwanadamu.

Walinganishe na mashahidi wa Namugongo. Karoli Lwanga na wenzake walikuwa watumishi wa ikulu ya Mwanga II, Kabaka (mfalme) wa Buganda; walikuwa vijana waliozoea kutumwa na kuitika. Kabaka alipotaka yaliyopingana na imani yao, walikataa, na tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto, Wakatoliki kwa Waanglikana. Hawakuwa wakaidi. Waliishi lile neno la Petro na mitume wenzake: “Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.” Askofu Mkuu Janani Luwum alifuata njia hiyo hiyo mwaka 1977. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na ukatili wa utawala wake. Aliuawa tarehe 16 Februari, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari.

Kwa hiyo mchungaji akikuambia uuze shamba, au usimhoji “mpakwa mafuta”, una haki ya kuuliza. Kuuliza si uasi.

Dhana: Upendo uko moyoni, amri ni mambo ya Mafarisayo.

Ukweli: Yesu aliyewakemea Mafarisayo ndiye aliyesema, “Mkinipenda, mtazishika amri zangu.” Wazee wetu wa uamsho wa miaka ya 1930, walokole wa kwanza, hawakuishia kwenye machozi na nyimbo. Waliungama hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Siku hizi mtu anaweza kusema ameokoka huku mshahara wa msichana wake wa kazi ukiwa haujalipwa. Sijui huo ni upendo wa aina gani.

Dhana: Ukitii, Mungu atakulipa gari, nyumba na viza.

Ukweli: Lwanga na Luwum walitii wakauawa. Hilo peke yake lingetosha, ila katika Luka 15 yupo kaka mkubwa wa mwana mpotevu. Ametumikia miaka mingi, hajavunja amri ya baba yake hata siku moja, na sasa ananung’unika kwamba hajapewa hata mwanambuzi wa kusherehekea na rafiki zake. Alikuwa akiweka hesabu muda wote huo. Baba yake hakumlaumu kwa kazi mbaya, maana kazi ilikuwa safi, alimjibu, “Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako.” Luka hatuambii kama aliingia kwenye karamu.