Je, wajua jinsi dai la anatomia linalobishaniwa linavyopata nafasi katika kamusi elezo ya mtandaoni?

Mjini Moshi habari za magoti hazikauki, kwa kuwa wapagazi na wageni huteremka kutoka kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wakilalamikia magoti kuliko mapafu, na vijana wanaoanguka na bodaboda hupelekwa KCMC, hospitali ambayo pia hufundisha udaktari. Tuseme mwanafunzi mmoja wa udaktari mjini humo, ambaye huhariri Wikipedia ya Kiswahili, amekuta katika makala kuhusu goti sentensi inayosema kwamba goti lina ligamenti mpya, yaani utepe wa nyuzi ngumu unaoshikanisha mfupa na mfupa, iliyogunduliwa mwaka 2013. Je, aiache, aifute au aiandike upya?

Wengi wangemshauri aende akalichunguze goti lenyewe, na ushauri huo, ingawa una busara yake, haumsaidii hapa. Kamusi elezo haina maiti wala kisu. Kazi yake ni kueleza yale ambayo wataalamu wamekwisha kuyachapisha, kwa uzito uleule ambao wao wenyewe wameyapa. Hata kama mwanafunzi huyo ameiona ligamenti hiyo kwa macho yake katika chumba cha anatomia, msomaji aliyeko Ngaramtoni hana njia ya kuuhakiki ushuhuda huo. Kanuni hii huwaudhi zaidi watu wanaojua wanachokisema, lakini pasipo hiyo kila aliyewahi kushika kisu cha upasuaji angejigeuza chanzo.

Hatua yake ya kwanza, basi, ni kuuacha mwangwi wa magazeti na kuusoma utafiti wenyewe. Ulichapishwa katika jarida la Journal of Anatomy na madaktari wa Leuven, Ubelgiji, waliochunguza magoti 41 ya maiti na kuikuta ligamenti hiyo katika yote isipokuwa moja. Magazeti ya nchi nyingi yalitangaza kwamba mwili wa binadamu umepatikana na kiungo kipya. Watafiti wenyewe, hata hivyo, walikuwa wamemtaja mapema kabisa daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Paul Segond, ambaye mwaka 1879 alieleza utepe wa nyuzi ngumu, wenye rangi ya lulu, mahali hapohapo. Dai la upya linaanguka kwa kusoma muhtasari tu.

Swali la kama ligamenti hiyo ipo ni gumu zaidi. Nyuzi zinazozungumziwa huanzia upande wa nje wa ncha ya chini ya mfupa wa paja, zikashuka mshazari kuelekea mbele na kujishikiza kwenye muundi. Anayepasua huondoa kwanza utepe mpana unaoshuka ubavuni mwa paja, kisha hukunja goti kiasi na kuuzungusha muundi kwa ndani mpaka nyuzi zikazike na kuonekana. Kisu kikifuata njia moja, zinatokea kama kamba inayojitegemea. Kikifuata nyingine, zinaonekana kuwa unene tu wa kifuko cha kiungo, yaani utando unaolizunguka ungio la mifupa ya goti, na ndiyo maana wachunguzi wengine wamezikuta katika sehemu ndogo zaidi ya magoti waliyoyapasua. Kwa maoni yangu, ubishi huu hauhusu sana nyama iliyopo bali mpaka wa kuichora, na mhariri asiyeliona hilo atazozana bure.

Kuhusu kazi ya nyuzi hizo, na hasa kama mgonjwa anahitaji kutengenezewa kwa upasuaji, ushahidi unaotakiwa ni mzito zaidi, kwa sababu hapo msomaji anaweza kuchukua uamuzi juu ya mwili wake. Utafiti mmoja hautoshi. Hutafutwa mapitio ya tafiti nyingi na vitabu vya kiada. Wataalamu wanaoheshimika wakiwa pande zote mbili, pande zote hutajwa. Dai likiungwa mkono na mwenyewe tu, halina nafasi. Nao ubishi wa wahariri hauamuliwi kwa kuhesabu mikono.

Ajabu ni kwamba hata dai lililokwisha kukanushwa linaweza kustahili kuandikwa. Ramani ya ulimi, inayodai kwamba utamu huonjwa nchani na uchungu nyuma, ilitokana na kusomwa vibaya kwa kazi ya Mjerumani D. P. Hänig ya mwaka 1901, ikafundishwa shuleni kwa miongo mingi. Makala kuhusu ulimi huitaja kama kosa lililoenea.

Sentensi ile ya goti, kwa hiyo, isifutwe bali iandikwe hivi: “Upande wa nje wa mbele wa goti kuna nyuzi zilizoelezwa na Segond mwaka 1879, watafiti wa Leuven walizitambua mwaka 2013 kuwa ligamenti inayojitegemea, ilhali wengine huziona kuwa sehemu ya kifuko cha kiungo.” Iwekwe chini ya maelezo ya ligamenti kuu nne, ambazo hakuna anayezibishia, na ikae hapo hadi mapitio mapya yatakapompa mhariri sababu ya kuigusa.