Je, wajua kwa nini ndege mbili za plastiki zinazofanana hupishana bei mara mbili?

Maboksi mawili yako juu ya meza. Yote yana picha ya Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza yenye mabawa yaliyochongoka taratibu kama jani la mkungu. Yote yameandikwa skeli ya 1/48, maana yake ndege halisi imepunguzwa mara 48. Ndani ya kila boksi kuna vipande vya plastiki vya kukata, kugundisha na kupaka rangi. Moja limetoka Airfix ya Uingereza, lingine Tamiya ya Japani, na hili la pili bei yake inakaribia mara mbili ya la kwanza. Anayeanza kuunda modeli huuliza swali la haki kabisa: hiyo ziada nalipia nini? Ndege iliyo sahihi zaidi?

Sehemu kubwa unalipia kalibu. Usahihi ni habari nyingine.

Vipande hivi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polistirini, inayoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma yenye nusu mbili. Ikipoa, kalibu inafunguka, pini zinasukuma plastiki nje, na kazi inarudiwa. Plastiki yenyewe ni rahisi. Ghali ni kuchonga chuma kile, na gharama hiyo lazima irudi kupitia kila boksi linalouzwa. Ndiyo maana kampuni yenye kalibu nzuri haiitupi: huitumia miaka ishirini, thelathini, hata hamsini. Lakini chuma nacho huchoka. Nusu mbili zikianza kulegea, plastiki hupenya kati yake na kuacha utando mwembamba pembeni mwa kipande, na wewe unabaki na kisu na msasa kuuondoa.

Umri wa kalibu unaonekana kwa macho, ukijua pa kutazama. Chukua bawa, liinamishie mwanga wa dirisha. Ndege halisi imefunikwa kwa mabati yaliyoungwa, na modeli huonyesha maungio hayo kwa mistari. Kwenye modeli nyingi za zamani mistari hiyo imevimba juu ya plastiki. Kwenye mpya imezama ndani. Sababu iko kwenye chuma. Fundi wa zamani alichora mstari moja kwa moja ndani ya kalibu, na mfereji kwenye chuma huzaa tuta kwenye plastiki. Kupata mstari uliozama kulimtaka aache tuta jembamba la chuma na kuondoa chuma chote kilicholizunguka, kazi ngumu mno kwa mkono. Siku hizi hutengenezwa kwanza umbo la shaba au grafiti lenye mistari iliyozama, kisha cheche za umeme hula chuma kwa kufuata umbo hilo. Tuta linabaki lenyewe.

Sasa linakuja jambo ambalo, kwa maoni yangu, kila mnunuzi angepaswa kulijua kabla ya kutoa pesa: boksi jipya si kalibu mpya. Kalibu huuzwa, hukodishwa na kuvuka mipaka. Kampuni ya Uingereza iliyoitwa FROG, iliyotoa ndege zake za 1/72 tangu 1936, ilipofikia mwisho wake miaka ya 1970, kalibu zake nyingi zilipelekwa Umoja wa Kisovieti, na ndege zilezile zikarudi madukani kwa jina la Novo. Kampuni ya Revell imewahi kuuza plastiki ya kampuni nyingine, Hasegawa, ndani ya maboksi yake. Hata baadhi ya ndege za 1/72 zilizo kwenye boksi la Tamiya zilitengenezwa na kampuni nyingine, Italeri. Hakuna udanganyifu hapo, ni biashara ya kawaida, ila anayenunua jina anaweza kupata asichokitarajia. Tovuti ya Scalemates huonyesha historia ya modeli moja moja: kalibu ilitoka mwaka gani, na imepita kwenye maboksi ya nani. Dakika mbili za kutazama hapo zinakuokolea pesa nyingi.

Kinyume chake pia kipo. Eduard ya Jamhuri ya Czech huuza Spitfire moja katika matoleo mawili, ProfiPACK na Weekend. Plastiki kuu ni ileile. La kwanza linaongeza vipande vyembamba vya chuma vya mikanda na dashibodi ya rubani, vibandiko vya kuziba vioo wakati wa kupaka rangi, na michoro ya ndege nyingi zaidi. Kama hupendi kushika kipande chembamba kama karatasi kwa koleo, chukua Weekend bila wasiwasi. Umbo la ndege halibadiliki.

Tuje kwenye usahihi. Huu unapimwa, haubahatishwi. Mabawa ya Spitfire Mk I, ncha hadi ncha, ni mita 11.23, na urefu wake ni mita 9.12. Gawanya kwa 48: milimita 234 na 190. Gawanya kwa 72: milimita 156 na takriban 127. Rula ya mwanafunzi inatosha. Na usidhani bei au sifa inakukinga. Mwaka 2014 Eduard, wanaoheshimika sana kwa usahihi, walitoa Messerschmitt Bf 109G, ndege ya kivita ya Ujerumani, ya 1/48 ikiwa na vipande vya kupendeza kuvitazama. Wajenzi wakaleta rula, wakakuta ndege ni kubwa kuliko skeli iliyoandikwa. Kampuni ilikubali kosa, ikachonga kalibu upya, na mwaka 2016 ikatoa nyingine yenye vipimo sahihi. Nawaheshimu zaidi kwa hilo, kwa sababu kalibu mbili za ndege moja ni gharama nzito. Ila ile ya kwanza bado inaweza kukufikia kwenye soko la mitumba, kwa hiyo tazama mwaka.

Vipimo vikubwa vikishakaa sawa, kuna usahihi wa ngozi ya ndege, na hapa macho hudanganywa kirahisi. Mstari wenye upana wa milimita 0.2 kwenye modeli ya 1/72 ungekuwa zaidi ya milimita 14 kwenye ndege halisi, mfereji ambao kidole chako cha mwisho kingeingia. Hakuna Spitfire iliyoruka ikiwa na mifereji ya aina hiyo. Mistari mizito hupendeza ikipakwa wino mweusi, lakini haisemi kweli.

Riveti, yaani vipini vya chuma vinavyoshikiza mabati, nazo zina kisa chake. Waundaji wa Spitfire walitumia riveti zilizolala sawa na bati, zisizokwaza hewa, lakini zilichukua muda mwingi kiwandani. Walitaka kujua kama zile za kawaida zenye kichwa cha mviringo zingefaa. Wakachukua njegere zilizopasuliwa, wakabandika moja juu ya kila riveti, wakairusha ndege. Kasi ilishuka kwa maili 22 kwa saa. Wakaendelea kubandua njegere sehemu baada ya sehemu na kupima tena, hadi wakajua ni wapi riveti laini ni lazima na wapi si lazima. Ndiyo maana mabawa ya ndege hizo yalikuwa laini, hata maungio ya sehemu ya mbele ya bawa yakazibwa kwa puti na kusuguliwa, ilhali riveti za mviringo ziliruhusiwa sehemu ya nyuma ya bodi. Basi modeli iliyojaa vitobo vya riveti sawasawa kutoka pua hadi mkia imefanyiwa kazi nyingi bila kuifuata ndege yenyewe.

Halafu kuna ubora, yaani jinsi vipande vinavyokaa. Hapa ndipo Tamiya wanapostahili pesa yao. Spitfire yao ya 1/48 iliyotoka 2018 imekatwa kwa namna ambayo maungio mengi ya plastiki yanaangukia pale pale ndege halisi ilipoungwa mabati. Bawa likisogezwa kwenye bodi linakaa kabla hata gundi haijaguswa, na puti unaweza kuisahau kabatini. Airfix wa siku hizi wako vizuri sana kwa umbo, na kwa bei yao nawapendekeza kwa yeyote anayeanza, mradi akubali kusugua kidogo. Eduard wanakupa undani mwingi kuliko wote, lakini wanadai subira: kipande kimoja cha chumba cha rubani kikipinda, bodi haifungi.

Kwa sisi tunaoagiza kutoka nje, kumbuka kwamba usafirishaji unaweza kuzidi bei ya modeli yenyewe, na gundi na rangi zinazoshika moto mara nyingi hazikubaliwi kusafirishwa kwa ndege. Zitafute karibu nawe kwanza.

Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza Spitfire ya 1/72 kwa ajili ya boksi lake tu, picha mpya inayong'aa, rubani anageuka kukutazama. Kufungua, nikakutana na mistari iliyovimba, utando kila ukingo, na kioo cha rubani kizito kama sehemu ya chini ya glasi. Nilikasirika siku nzima. Jioni nikabana nusu mbili za bodi kwa mpira wa pesa, nikashikiza mabawa kwa selotepu, nikaweka rula: ncha hadi ncha milimita 156. Nikapima urefu: 127. Aliyeichonga kalibu ile miaka mingi iliyopita, bila kompyuta, alikuwa ameipata ndege sawasawa. Nikatoa msasa, nikaulowesha, nikaanza kulainisha mistari ya bawa la kushoto.